Saratani ya dada ilikuwa na vipokezi vya homoni, ripoti mpya inasema havipo. Vimekwenda wapi?

Wapendwa washauri,

Shikamooni. Naandika kwa niaba ya dada yangu mkubwa, ana miaka 52. Miaka saba iliyopita alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi la kushoto. Ripoti ya wakati ule ilisema ER (kipokezi cha estrojeni) asilimia 90, PR (kipokezi cha projesteroni) asilimia 70, HER2 (kipokezi cha ishara za ukuaji) hasi. Alipata tibakemikali na mionzi, kisha akameza tamoksifeni kwa miaka mitano bila kuruka dozi. Alimaliza miaka miwili iliyopita.

Hivi karibuni nyonga ilianza kumuuma. Picha zimeonyesha madoa kwenye mfupa wa nyonga na kwenye pingili mbili za uti wa mgongo. Ini na mapafu ni safi. Wakachukua kinyama kwenye mfupa wa nyonga, na majibu yamerudi: ER 0, PR 0, HER2 0. Tumeambiwa saratani sasa ni "hasi tatu", dawa za homoni hazina kazi tena, aanze tibakemikali.

Hatuelewi. Kitu kilichokuwa asilimia 90 kinafikaje sifuri? Jeni imekatika? Dada anaamini tamoksifeni ndiyo iliyoviua vipokezi, na anajilaumu kwa kuimeza miaka yote ile. Mtu mwingine ametuambia kuna dawa za kuamsha jeni iliyolala. Na ana mabinti wawili, pia mimi mwenyewe nipo: je, hili la jeni kunyamaza tumelirithi? Daktari tunamheshimu na hatutaki kubishana naye, ila tungependa kwenda mbele yake tukijua cha kuuliza.

Mdogo wake


JIBU

Marahaba, na poleni sana. Mfikishie dada yako pole zetu pia.

Tuanze na lililo la haraka. Ripoti moja ya mfupa haitoshi kumfungia dada yako mlango wa dawa za homoni. Hatusemi daktari amekosea. Saratani ya titi hubadilika kweli: tafiti nyingi zilizolinganisha uvimbe wa mwanzo na uliosambaa, zikijumlishwa, zinaonyesha hali ya ER kutofautiana kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, na ya PR kwa karibu mmoja kati ya watatu. Lakini barua yako ina mambo matatu yanayotufanya tusite. Kinyama kimetoka mfupani, ugonjwa umerudi baada ya miaka saba, na umekaa mifupani peke yake. Saratani ya hasi tatu ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu hadi mitano ya kwanza, na huelekea zaidi kwenye mapafu, ini na ubongo. Ile inayonyamaza miaka mingi kisha ikaibukia mifupani kwa kawaida ni yenye vipokezi. Ripoti na mwenendo wa ugonjwa vikipishana namna hii, cha kuhojiwa kwanza ni sampuli.

Tutarudi kwenye sampuli. Kwanza swali lako la jeni, maana majibu yake yatawasaidia kuelewa mengine yote.

Kipokezi cha estrojeni ni protini yenye asidi amino 595, na makazi yake ni ndani ya kiini cha seli. Maelekezo ya kuitengeneza yamo kwenye jeni iitwayo ESR1, katika mkono mrefu wa kromosomu ya 6. Iko jeni nyingine, ESR2, kwenye kromosomu ya 14, inayotoa kipokezi cha aina ya beta, ila ripoti ya maabara inapoandika ER inamaanisha zao la ESR1. Protini hii haikai muda mrefu. Seli huivunja na kuunda nyingine kila baada ya saa chache. Kwa hiyo kile mtaalamu wa patholojia anachokihesabu kwenye slaidi ni matokeo ya kasi mbili, ya kuundwa na ya kuvunjwa, na saratani inaweza kuziingilia zote mbili bila kugusa hata herufi moja ya jeni. Ndiyo maana jibu la "jeni imekatika" huwa si sahihi mara nyingi. Uvimbe wa ER hasi ukipimwa DNA yake, kwa kawaida ESR1 imo, nzima. Tatizo ni kwamba haisomwi.

Ili isomwe, inahitaji eneo la kuanzia usomaji, yaani promota, liwe wazi, na inahitaji protini za kuusukuma usomaji wenyewe. ESR1 ina promota kadhaa, na tishu mbalimbali za mwili huzitumia kwa viwango tofauti. Katika seli za titi kazi ya kusukuma hufanywa hasa na GATA3, FOXA1 na AP-2 gama. FOXA1 hutangulia kufungua DNA iliyokunjika ili wengine wapate pa kushika. GATA3 huichochea ESR1, na kipokezi kinachozalishwa nacho hurudi kuichochea jeni ya GATA3, hivyo wawili hawa huinuka pamoja na kushuka pamoja. Ndiyo maana uvimbe wenye ER nyingi karibu kila mara una GATA3 nyingi pia. Hata BRCA1, ambayo wengi wanaifahamu kwa kazi ya kukarabati DNA, husaidia ESR1 isomwe: huungana na protini iitwayo OCT1 na kukaa kwenye promota yake. Seli iliyopoteza BRCA1 hupungukiwa na msaada huo, na hii ni mojawapo ya sababu za saratani nyingi za wanawake waliorithi hitilafu ya BRCA1 kuwa ER hasi.

Njia ya kunyamazisha ESR1 iliyochunguzwa zaidi ni methili, kibandiko kidogo cha kikemikali juu ya DNA. Kwenye promota na mwanzo wa eksoni ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha jeni kinachosomwa, kuna eneo lenye msongamano wa herufi C zinazofuatwa na G. Kwenye titi lenye afya na kwenye uvimbe wenye vipokezi, eneo hilo kwa kawaida halina methili. Kwenye sehemu ya saratani za ER hasi, vimeng'enya vinavyoitwa DNMT huzibandika methili zile C. Kisha hufuata vimeng'enya vya HDAC, ambavyo huondoa asetili kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushiwa, na DNA hukazwa hadi mashine ya usomaji inakosa pa kupita. Ni kitabu kilichogundishwa kurasa: maneno yote yamo ila hakifunguki. Zaidi ya hapo, seli inapogawanyika, vimeng'enya hunakili methili kwenye DNA mpya, hivyo ukimya hupita kutoka seli mama hadi seli binti.

Lakini methili haielezi kila uvimbe wa ER hasi, na hapa ndipo mada inapokuwa pana kuliko watu wanavyodhani. Kuna uvimbe ambao promota yake ni safi lakini ishara za ukuaji zinapiga kelele: HER2 au ndugu yake EGFR ikiwashwa kupita kiasi, mnyororo wa ishara ndani ya seli uitwao MAPK huwaka muda wote na ESR1 hushuka. Katika seli zinazokuzwa maabara, kizuizi cha MEK, kiungo kimoja cha mnyororo huo, kinaweza kurudisha ER katika baadhi ya seli za namna hiyo, jambo linaloonyesha kuwa ukimya wa aina hii haukuwa wa kudumu. Kuna protini za kukandamiza kama Twist, ambayo huwaleta HDAC na DNMT kwenye promota. Ukishavuka hapo, hata mRNA, nakala ya jeni inayotumika kuunda protini, ikiwa imeshaandikwa, bado haijawa salama. Mkia wa mRNA ya ESR1 ni mrefu, zaidi ya herufi elfu nne, na RNA ndogo kama miR-206, miR-221 na miR-222 hujibandika huko na kuzuia protini isiundwe. Na protini ikishaundwa, inaweza kuwekewa alama ya ubikwitini na kupelekwa kuvunjwa kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kuvunja protini. Estrojeni yenyewe huharakisha uvunjaji huo, na upungufu wa oksijeni katikati ya uvimbe hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo "ER 0" moja kwenye karatasi inaweza kuwa na asili tano tofauti. Kipimo cha hospitali hakiwezi kuzitofautisha, kwa sababu kinatazama protini tu.

PR ina habari yake. Jeni yake, PGR, iko kwenye kromosomu ya 11 na ina promota mbili zinazotoa vipokezi viwili: PR-B, iliyo kamili, na PR-A, ambayo imepungukiwa asidi amino 164 za mwanzo. Kinachotuhusu leo ni kwamba PGR huwashwa na ER. Kipokezi cha estrojeni kikishashika homoni, viwili viwili huungana, hushika DNA, na PGR ni mojawapo ya jeni zinazoitikia kwa nguvu. PR nyingi, kwa hiyo, ni ushahidi kwamba ER ipo na inafanya kazi. Ndiyo maana PR hushuka haraka zaidi na mara nyingi zaidi: estrojeni ikipungua mwilini, kwa mfano kwa mgonjwa anayetumia letrozoli au anastrozoli, PR hufifia hata kama ER imebaki palepale. Ukiona ER asilimia 80 na PR sifuri, usidhani mashine imeharibika. Uvimbe wa dada yako wa kwanza, wenye ER 90 na PR 70, ulikuwa na mfumo mzima unaofanya kazi vizuri.

Sasa tamoksifeni. Mwambie dada yako waziwazi: tamoksifeni haifuti ESR1 wala haiiwekei methili. Hukalia kipokezi mahali pa estrojeni, na kipokezi kilichokaliwa nayo huwa hakivunjwi haraka. Kiasi chake kwenye seli huweza hata kuongezeka. Dawa inayosababisha ER kuvunjwa ni fulvestranti, ambayo dada hakuitumia. Jambo linaloweza kutokea na tamoksifeni ni mchujo: kama tangu mwanzo kulikuwa na seli chache zisizo na vipokezi, dawa inawadhoofisha wenye vipokezi na wale wachache wanabaki na nafasi. Hata hivyo faida yake ni kubwa kuliko hilo. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa takriban miaka mitano ya tamoksifeni kwa saratani ya ER chanya hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Kuimeza bila kuruka dozi kulikuwa uamuzi sahihi, na hana cha kujilaumu.

Turudi kwenye sampuli, mahali tunapowasihi mtumie nguvu zenu.

Mfupa haukatwi kwenye mashine ya slaidi ukiwa mgumu. Lazima chokaa itolewe kwanza. Maabara nyingi hutumia tindikali kali, kwa mfano hidrokloriki au nitriki, kwa sababu humaliza kazi kwa saa chache. Tindikali hiyo huharibu sehemu za protini ambazo kingamwili za kipimo huzitafuta, na huvunjavunja DNA na RNA. Matokeo yake ER na PR zinaweza kusomeka sifuri kwenye uvimbe uliojaa vipokezi, na vipimo vya HER2 vinavyotazama jeni hushindwa kabisa. Njia salama zaidi ni EDTA, ambayo hunyonya chokaa taratibu kwa siku kadhaa na kuacha protini na DNA zikiwa katika hali nzuri. Sifuri tatu kwa mpigo kutoka kwenye mfupa ambao haijulikani ulilainishwaje ni majibu yasiyopaswa kuaminiwa peke yake.

Makosa hayaishii kwenye tindikali. Mwongozo wa ASCO na CAP, vyama vya Marekani vya wataalamu wa saratani na wa patholojia, unataka kinyama kiingizwe kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa tindikali yake ndani ya saa moja tangu kikatwe, na kikae humo kwa saa 6 hadi 72. Kikikaa saa mbili tu, katikati hakijaiva. Protini huharibika baadaye na rangi ya kipimo haishiki. Kikichelewa nje, vimeng'enya vya seli huanza kuila ER kabla fomalini haijafika. Slaidi zilizokatwa zikakaa bila kupakwa rangi kwa zaidi ya wiki sita nazo hupoteza uwezo wa kuitikia. Halafu kuna kidhibiti. Kwenye kinyama cha titi, vijifereji vya kawaida vilivyo pembeni ya uvimbe vinapaswa kuonyesha ER. Visipoonyesha, kipimo kimeshindwa na ripoti haistahili kuitwa hasi. Kwenye mfupa hakuna vijifereji. Ni lazima maabara iwe imeweka kidhibiti cha nje, kwa mfano kipande cha tonsili, ambacho kina seli chache zenye ER hafifu na hivyo hufichua kipimo kilichopungua nguvu. Kidhibiti hicho nacho kina mpaka wake: hakikupita kwenye tindikali, kwa hiyo kinathibitisha rangi ilifanya kazi, hakithibitishi kwamba kinyama cha dada kilikuwa kizima.

Mkienda kwa daktari, muombe mambo haya kwa utulivu. Si ubishi; ni maswali ambayo mtaalamu wa patholojia huyajibu kila siku. Mfupa ulilainishwa kwa kitu gani, na kwa muda gani? Ulikaa fomalini saa ngapi? Kidhibiti kilisomekaje? Kuna kipande chochote cha sampuli hiyo, hasa tishu laini au damu iliyoganda yenye seli, ambacho hakikupitishwa kwenye tindikali? Kikiwepo, kipimwe hicho. Muulize pia kama seli zilipakwa GATA3. Baada ya miaka saba si kila doa la mfupa linatoka kwenye titi lile lile. Linaweza kutoka titi la pili au kiungo kingine kabisa. GATA3 chanya huelekeza kwenye titi, ingawa saratani ya kibofu nayo huionyesha, na kwa uvimbe wa hasi tatu protini nyingine ya kupaka, SOX10, husaidia pale GATA3 inapofifia. Mwishoni, bloku ya parafini ya miaka saba iliyopita, yaani kinyama cha wakati ule kilichohifadhiwa kwenye nta, itafutwe. Bloku hudumu miaka mingi, na kuipaka upya sambamba na sampuli mpya, maabara moja, siku moja, kingamwili moja, kunaondoa tofauti nyingi za bandia.

Kama mfupa haukubaki na kipande kizuri, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kinyama kingine, na safari hii waelewane mapema na maabara kuhusu EDTA. Ya pili ni picha ya PET inayotumia estradioli yenye florini ya mionzi, FES, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Inang'arisha mahali ambapo ER ipo na inashika homoni, mwili mzima kwa mara moja. Haifai kwa madoa ya ini kwa sababu ini hung'aa lenyewe, na hudanganya kwa mtu anayetumia tamoksifeni au aliyeiacha chini ya wiki nane zilizopita, au aliyetumia fulvestranti ndani ya wiki 28. Dada yako hana hata kimoja kati ya vizuizi hivyo. Kipimo hiki hakipatikani kila mahali. Wasipokuwa nacho, kinyama kizuri kinatosha.

Je, mngoje majibu haya kabla ya kuanza matibabu? Kupaka slaidi upya huchukua siku chache, na kwa mtu mwenye madoa ya mfupa tu, siku hizo kwa kawaida zinavumilika. Msingoje hata kidogo akianza kushindwa kupumua au kupata manjano. Na kwa kuwa pingili za uti wa mgongo zimeguswa, mjue dalili hizi: miguu kulegea au kufa ganzi, kushindwa kujizuia haja au kushindwa kukojoa, maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, haijali ER ni ngapi. Matibabu ya mifupa yenyewe, yaani mionzi kwenye nyonga inayouma na dawa kama asidi ya zoledroni au denosumabu, hayategemei vipokezi na yanaweza kuanza wakati mnasubiri. Meno yakaguliwe kabla ya dawa hizo, kwa sababu zinaweza kuudhuru mfupa wa taya hasa baada ya kung'oa jino.

Mpaka wa chanya ni mdogo kuliko wengi wanavyofikiri. Asilimia 1 tu ya seli zikipata rangi, ER ni chanya. Kati ya 1 na 10 huitwa chanya ya chini, na huko ushahidi wa manufaa ya homoni ni mwembamba, uamuzi huwa wa mgonjwa mmoja mmoja. ER ikirudi juu, mlango wa kawaida ni fulvestranti au kizuizi cha aromatesi (dawa kama letrozoli) pamoja na dawa ya kuzuia CDK4 na CDK6, protini zinazosukuma seli kugawanyika, kama palbosikilibu au ribosikilibu. Kama hedhi haijakoma, ovari nazo zitahitaji kunyamazishwa. Fulvestranti huchomwa miligramu 500 siku ya 1, ya 15 na ya 29, kisha kila mwezi.

Hata sampuli zikiendelea kupingana, wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Mwongozo wa ASCO hupendelea kufuata majibu ya uvimbe uliosambaa, iwapo hali ya mgonjwa inaafiki. Mwongozo wa Ulaya wa saratani ya titi iliyosambaa unaruhusu kufikiria dawa za homoni ikiwa vipokezi vilikuwa chanya kwenye angalau kinyama kimoja. Kwa mtu mwenye historia kama ya dada yako, sisi tunaegemea upande wa pili, mradi picha zirudiwe baada ya wiki 8 hadi 12 na dawa ibadilishwe bila kusita kama haifanyi kazi.

Na ikithibitika ni hasi kweli, kwa sampuli safi? Basi daktari wenu yuko sahihi, na tibakemikali ndiyo njia. Muulizeni wakati huo kuhusu PD-L1, protini inayopimwa kwenye uvimbe, kwa sababu huamua kama dawa ya kinga inaongezwa, na kuhusu daraja kamili la HER2. Tofauti ya 0 na 1+ zamani haikuwa na uzito. Tangu mwaka 2022 ina uzito, kwa kuwa kuna dawa iliyoidhinishwa kwa saratani yenye HER2 ya chini.

Dawa za kuamsha jeni ni za kweli kwenye chupa za maabara. Seli za saratani ya titi zinazokuzwa maabara ziitwazo MDA-MB-231, ambazo ESR1 yao imefungwa na methili, zikipewa desitabini, ambayo huzuia DNMT, pamoja na kizuizi cha HDAC huanza tena kutengeneza kipokezi. Kwa binadamu habari ni tofauti. Entinostati, kizuizi cha HDAC, ilipoongezwa kwenye dawa ya homoni ekzemestani katika jaribio kubwa la E2112, lililochapishwa mwaka 2021, haikurefusha maisha ya wagonjwa waliokuwa na vipokezi lakini wameacha kuitikia homoni. Dawa hizi hazichagui jeni moja; hufungua mamia kwa pamoja, zikiwemo ambazo zilifaa kubaki zimefungwa, na huchosha uboho wa mifupa. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuligeuza jibu la hasi tatu kuwa chanya na kumfaidi mgonjwa. Anayewauzia kitu cha kuamsha jeni, iwe kidonge au mitishamba, msimpe fedha yenu. Mkisikia jaribio la kitabibu lililosajiliwa, mpelekeeni daktari jina lake.

Sasa ninyi na mabinti. Methili na ukimya wa ESR1 vimetokea ndani ya seli za uvimbe wa dada yako. Havimo kwenye mayai yake ya uzazi, hamkurithi, na havisambai kwa watoto. Kinachoweza kurithiwa ni hitilafu ya BRCA1, BRCA2 au PALB2, na saratani ya ER chanya haiondoi uwezekano huo: za BRCA2 nyingi huwa na vipokezi. Dada yako apimwe jeni hizo kwa damu, kwa sababu mbili. Likipatikana badiliko la BRCA1 au BRCA2, yeye mwenyewe anaweza kufaidika na olaparibu au talazoparibu, zilizoidhinishwa mwaka 2018 kwa saratani iliyosambaa ya HER2 hasi, iwe na vipokezi au isiwe navyo. Na ninyi mtajua badiliko gani hasa la kutafuta. Aanze kupimwa yeye, si wewe wala mabinti: jibu lenu likirudi safi kabla ya lake, halitawaambia kama kulikuwa na kitu cha kurithi. Akipatikana nalo, kila mmoja wenu ana uwezekano wa nusu kwa nusu, na mabinti wapimwe wakishafikia utu uzima na wakiridhia wenyewe. Asipopatikana nalo, wewe na wao mnabaki na uchunguzi unaotolewa kwa mtu mwenye ndugu wa karibu aliyeugua. Umri alioanza dada, miaka 45, mtajeni kwa daktari atakayewapangia.